Kijungu cha Jibini

Nilikutana na Democritus saa nane za usiku, kwa bei ya shilingi 350 kwa ukurasa.

Nilikuwa nimeacha chuo miezi saba kabla, nikiwa mwaka wa tatu, kwa sababu ya karo. Niliendelea kuishi kwenye chumba kile kile cha mabati nyuma ya chuo kwa sababu kodi ilikuwa 3,000 na kwa sababu nyumbani Bungoma walidhani bado nasoma. Kazi yangu ilikuwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Kama umewahi kuishi karibu na chuo chochote hapa Kenya, unaijua kazi hiyo. Mwanafunzi wa Marekani au Uingereza anaweka swali kwenye tovuti, analipa kwa dola, na kijana fulani huku anakesha akilijibu. Akaunti haikuwa hata yangu. Nilikodi kwa jamaa mmoja aliyekuwa nazo tatu, naye alikata lake kabla mimi sijaona langu.

Oda ya usiku huo ilisema: kurasa 8, linganisha Democritus na Epicurus kuhusu maumbile na maadili, muda saa 14. Mimi nilisomea uchumi. Majina hayo sikuwa nimewahi kuyasikia. Niliichukua kwa hesabu tu: 8 mara 350 ni 2,800. Kodi karibu yote.

Hii hapa ni ile insha tena, safari hii kwa jina langu.

Democritus alizaliwa Abdera, mji wa pwani kaskazini mwa Ugiriki, yapata mwaka 460 KK. Baba yake alikuwa tajiri. Mengi ya maisha yake tunayajua kupitia Diogenes Laertius, aliyeandika miaka mia sita hivi baadaye, kwa hivyo chumvi lazima imo. Anasema kwamba wana watatu walipogawana urithi, Democritus alichagua fungu dogo kwa sababu lilikuwa pesa taslimu, talanta 100, akaenda kuzunguka dunia. Alifika Misri na Uajemi, na wengine walidai alifika mpaka India na Ethiopia. Alirudi Abdera mikono mitupu, akawa analishwa na ndugu yake.

Sasa, Abdera kulikuwa na sheria: anayefuja mali ya baba yake asizikwe katika ardhi ya kwao. Democritus akajitetea kwa njia moja tu. Alisimama mbele ya watu akawasomea kitabu alichokiandika kuhusu mpangilio wa ulimwengu. Watu wa Abdera, inasemekana, wakampa talanta 500.

Nilipofika hapo niliacha kuandika kwa muda. Nitakwambia baadaye kwa nini.

Kitabu hicho kilikuwa na wazo alilolianzisha mwalimu wake, Leucippus, mtu ambaye habari zake ni chache kiasi kwamba Epicurus anaripotiwa kukana kuwa aliwahi kuishi. Wazo lenyewe lilizaliwa kutokana na ubishi. Parmenides, mwanafalsafa wa Elea huko kusini mwa Italia, alikuwa amewabana Wagiriki kwenye kona. Alisema kilichopo hakiwezi kutoka kwa kisichokuwepo, wala hakiwezi kuwa kisichokuwepo. Kwa hivyo mabadiliko yote ni ndoto. Mbegu haioti na mtu hazeeki, ni macho yetu yanayotudanganya.

Leucippus na Democritus hawakumkatalia moja kwa moja. Walikubali kwamba hakuna kitu kinachotoka kwa utupu mtupu, ila wakaongeza kwamba utupu wenyewe upo. Chukua chapati uikate nusu, kisha nusu ya nusu, uendelee. Kisu kinapita kwa sababu ndani ya chapati kuna nafasi. Mahali pasipo na nafasi yoyote, kisu hakina pa kuingilia. Hapo umefika kwenye kitu kisichokatika, na kwa Kigiriki kisichokatika ni atomos. Chembe hizo hazizaliwi wala hazifi. Zinachobadilisha ni maumbo ya mkusanyiko, mpangilio na mahali zilipo.

Walieleza jambo hili kwa mfano wa herufi, na mfano huo unakaa vizuri sana kwa Kiswahili. Chukua l, i, m, a. Ukizipanga hivi unapata lima. Zipange tena upate mali. Tena, mila. Tena, imla. Herufi ni zile zile nne, lakini ulimwengu ni tofauti kila mara. Ndivyo chembe zile zile zilivyo udongo leo, muhindi kesho, na mtoto anayekula ugali kesho kutwa.

Matokeo yake yanatisha kidogo. Utamu hauko kwenye asali wala uchungu kwenye mwarobaini. Utamu ni jina tunaloipa hali ya chembe fulani kuugusa ulimi. Rangi ni vivyo hivyo. Kilichopo kwa hakika ni chembe na utupu. Nafsi nayo ni chembe, nyepesi na za mviringo, zinazotawanyika mtu akifa. Hakuna aliyezipanga. Zinagongana tu, kwa ulazima, tangu milele.

Wazo hili halikukaa Ulaya peke yake. Kuanzia karne ya 9, wanazuoni wa Kiislamu wa Basra na Baghdad walijenga nadharia yao ya chembe zisizogawanyika. Wao waliigeuza: ulimwengu ni chembe, ndiyo, na Mungu ndiye anayezishikilia kila dakika ziendelee kuwepo. Chembe hiyo waliiita jawhar. Kwa Kiarabu neno hilo hilo lina maana ya kito, na kwetu likafika likiwa johari. Kumbe miaka yote tulikuwa na neno la falsafa ndani ya sanduku la vito vya bibi harusi.

Swali la ile oda, hata hivyo, lilikuwa la maadili. Ikiwa sisi ni chembe na hakuna anayetutazama kutoka juu, kwa nini mtu awe mwema?

Hapa ndipo anaingia Epicurus. Alizaliwa kisiwa cha Samos mwaka 341 KK, mtoto wa mwalimu wa shule. Alichukua chembe za Democritus akazifanya dawa. Kwake yeye, hakuna haja ya kujua ngurumo inatoka wapi isipokuwa kwamba ukijua, unaacha kuiogopa. Miungu ipo lakini haishughuliki na sisi. Kifo si kitu kwetu, kwa sababu sisi tukiwepo chenyewe hakipo, na chenyewe kikiwepo sisi hatupo. Linganisha na Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unaouonyesha moyo magofu ya Pate ili uogope na kujirekebisha. Epicurus angekuonyesha magofu yale yale akuambie: angalia vizuri, hakuna cha kuogopa hapo, sasa rudi uishi.

Kisha akagawa tamaa za binadamu mafungu matatu. Kuna za asili na za lazima: chakula, maji, mahali pa kulala, rafiki. Kuna za asili zisizo za lazima: chakula kitamu zaidi ya kushibisha. Na kuna zisizo za asili wala lazima: sifa, mamlaka, utajiri usio na kipimo. Fungu la kwanza hutoshelezwa kwa kidogo. Fungu la tatu halitoshelezwi na chochote, kwa sababu halina mwisho.

Watu wamemfanya Epicurus nabii wa walafi, na mpaka leo jina lake kwa lugha za Ulaya linaning'inia kwenye matangazo ya vyakula vya bei. Lakini aliishi kwa mkate na maji, na kuna barua alimwandikia rafiki yake amtumie kijungu cha jibini ili siku akitaka kufanya karamu aweze. Hiyo ndiyo karamu. Kijungu cha jibini.

Usiku ule nilicheka peke yangu chumbani. Nilikuwa na nusu mkate na chai ya rangi. Kwa kipimo cha Epicurus nilikuwa nakaribia kabisa kuwa mwenye heri.

Halafu nikakasirika. Ni rahisi kumwambia mtu aridhike na mkate wakati una bustani. Epicurus alinunua bustani yake Athens, yapata mwaka 306 KK, kwa mina 80. Hizo ni drakma 8,000, wakati fundi wa mji huo alikuwa akipata drakma moja au mbili hivi kwa siku. Ni ujira wa miaka mingi. Wafuasi walimchangia. Alipokea wanawake na watumwa wakae na kufikiri pamoja naye, jambo ambalo shule nyingi za wakati huo hazikulifanya, na hilo nampa. Lakini mtumwa wake Mys, aliyekaa naye akijifunza, aliachiwa huru kwa wosia, yaani baada ya bwana kufa.

Miaka elfu mbili baadaye Thomas Jefferson aliandika kwenye barua ya mwaka 1819 kwamba yeye pia ni mfuasi wa Epicurus. Katika maisha yake Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600. Ukiona mtu anasifu maisha ya utulivu, uliza nani anafua nguo.

Bado kuna kitu pale bustanini ambacho sikuweza kukitupa. Epicurus hakumwambia mtu ajifungie aridhike peke yake. Alisema kati ya vyote vinavyoleta furaha, urafiki ndio mkubwa. Na alikataa marafiki wachanganye mali yao kwenye mfuko mmoja wa lazima. Sababu yake ilikuwa kwamba anayehitaji mfuko wa aina hiyo hawaamini wenzake, na wasioaminiana si marafiki. Nilimfikiria jirani yangu wa pale plotini, fundi wa viatu, ambaye kwa wiki tano alinigongea mlango kila jioni na sahani ya sukuma na ugali. Hakuandika popote. Nilipojaribu kumlipa aliniuliza kama yeye ni hoteli.

Sasa nifike pale niliponyamaza.

Nimesema hapo juu kwamba niliacha chuo kwa sababu ya karo. Si uongo, lakini si ukweli wote. Baba aliuza nusu ekari nisome. Pesa za mwaka wa tatu alinitumia zote mara moja, na mimi kabla ya kulipa nikaanza kubeti. Mechi za Ulaya, halafu za nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani. Mkeka wa kwanza niliweka 200 nikapata 4,600. Baada ya wiki sita, shilingi 38,000 hazikuwepo. Nilipofungiwa nje ya mtihani nilikuwa mkweli kabisa nikisema sina karo.

Kwa hivyo unaelewa sheria ya Abdera ilinigusa wapi.

Nilitaka Democritus anitetee. Kama kila kitu ni chembe zinazogongana kwa ulazima, basi mimi na ule mkeka tulikuwa tumeandikiwa kukutana. Shida ni kwamba hata wafuasi wa Epicurus waliliona tobo hilo. Ulazima ukitawala kila kitu, hakuna wa kulaumiwa wala wa kusifiwa. Wao wakaongeza mchepuko: chembe inayoanguka, mara moja moja, pasipo sababu, inakengeuka kidogo tu, na mwanya huo mdogo ndio unaotuachia hiari. Hatuusomi kwenye maandishi ya Epicurus yaliyosalia. Tunaupata kwa Lucretius, mshairi Mrumi wa karne ya 1 KK. Cicero aliucheka mchepuko huo, na nadhani alikuwa na haki. Chembe inayokengeuka ovyo hainifanyi huru. Inanifanya mkeka tu.

Kilichonisaidia zaidi ni yale mafungu matatu. Nilijidanganya kwamba nabeti kwa sababu ya njaa. Lakini ile 4,600 ilitosha chakula cha mwezi mzima na sikuila. Niliirudisha yote jioni ile ile. Njaa ina kipimo, ukishiba unaweka kijiko chini. Kile nilichokuwa nacho hakikuwa na mahali pa kuweka kijiko. Wanaotengeneza mikeka wanalijua jambo hilo kuliko profesa yeyote wa falsafa, na ndiyo maana kitufe cha kuweka tena kiko karibu sana na kidole gumba.

Kuhusu uovu wa siri, wazee hawa wawili wanaachana, na hapo ndipo kurasa zangu 8 zilipopata uti wa mgongo. Epicurus alisema haki ni mapatano: usinidhuru, nisikudhuru. Anayevunja mapatano kwa siri hatapata raha, kwa maana hawezi kuwa na uhakika kwamba hatagunduliwa, hata akipita salama mara elfu. Democritus alisema kitu kingine. Alishauri mtu asijionee haya mbele ya watu kuliko anavyojionea mwenyewe. Usitende baya hata kama hakuna atakayejua, iwe hiyo ndiyo sheria ndani ya nafsi yako.

Niliandika kwamba Epicurus ana hoja imara zaidi. Yule mwanafunzi alipata alama nzuri. Wiki iliyofuata alituma ujumbe: mwalimu wake anataka amweleze insha kwa mdomo, tafadhali nimtumie muhtasari, hasa ile sehemu ya kutogunduliwa. Nilimtumia. Hakugunduliwa. Mimi pia sikugunduliwa. Kuanzia mwishoni mwa 2022, programu za akili unde zilipoanza kuandika zenyewe, oda zilipungua mpaka zikaisha, na hakuna aliyekuja kuniuliza chochote. Nyumbani nilikuwa nimeshawaambia kwamba karo ilipanda. Baba alilaumu serikali.

Hofu ya Epicurus iliisha. Haya ya Democritus haikuisha. Ile insha ilikosea, na ningependa mwalimu wa yule mwanafunzi ajue.

Vitabu vya hawa watu karibu vyote vimepotea. Inasimuliwa kwamba Plato alitaka kuvichoma vya Democritus akaambiwa haina maana, vimeshaenea mno. Hata hivyo vikapotea, tukabaki na vipande. Epicurus aliandika hati kama 300, zikabaki barua tatu na semi chache. Shairi la Lucretius lilinusurika katika maktaba ya watawa, ambako Poggio Bracciolini alilikuta mwaka 1417. Huko Oenoanda, kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo, mzee mmoja mgonjwa wa karne ya 2 aliyeitwa Diogenes alichonga mafundisho ya Epicurus kwenye ukuta mrefu wa mawe ili wapita njia, hata wageni, wapate dawa bure. Ukuta ulibomoka na mawe yake yakajengewa vitu vingine. Na Herculaneum, mji uliofukiwa na volkano Vesuvius mwaka 79, kuna hati za shule hiyo zilizoungua zikawa kama makaa. Mwaka 2023 vijana wakitumia akili unde walianza kusoma maneno ndani ya mojawapo bila kuifungua. Neno la kwanza lilikuwa zambarau. Mashine iliyoninyang'anya kazi ndiyo inayonirudishia Epicurus. Sijui nishike lipi.

Desemba iliyopita nilienda nyumbani. Jikoni kwa mama bati moja lina tundu la msumari, na saa nne asubuhi mwali wa jua unapita hapo mpaka sakafuni. Vumbi ndani ya mwali huo halitulii. Lucretius aliona vumbi la namna hiyo akasema linasukumwa na chembe tusizoziona. Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba alikuwa karibu na ukweli, si kwa vumbi la jua, ambalo linapeperushwa zaidi na hewa, bali kwa punje ndogo mno zinazotetemeka majini. Nilikaa nikilitazama mpaka baba akaingia, na kabla sijabadili nia nikamwambia. Zile 38,000. Mikeka. Zile insha pia.

Hakusema kitu. Alitoka akaenda kwa ng'ombe. Kutwa nzima hakusema. Dada yangu mdogo, aliyemaliza Kidato cha Nne na anangoja, alinitazama mara moja tu nikajua amesikia.

Usiku tukila, nikajaribu kujaza ule ukimya. Nikawasimulia juu ya Democritus, talanta 100, ile sheria, kile kitabu, zile talanta 500. Nilisimulia vizuri, nadhani. Mama alicheka kidogo. Baba aliosha mikono polepole.

"Huyo ndugu yake," akasema, "yule aliyekuwa anamlisha. Alimlisha miaka mingapi?"

"Haijaandikwa, baba."

"Na yeye alipewa nini?"

"Haijaandikwa."

"Basi hiyo ndiyo ungeniandikia," akasema, akasimama kwenda kulala.

Nimetafuta. Kilichopo ni jina tu, mstari mmoja kwa Diogenes Laertius. Aliitwa Damasus.